Geji za Mashua na Ukweli wa Kipimo

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wahenga waliotuachia methali hii hawakuiona mashua ya injini, lakini maneno yao yaeleza vyema habari ya geji za tarakimu zilizotiwa katika mashua za mchezo mwishoni mwa karne ya 20, na sababu ya wenye mashua hizo kuzing'oa na kuirudia mishale ya zamani. Habari hii ni ndogo machoni pa mtu apitaye haraka. Lakini ndani yake limo swali kubwa: kipimo kikisema uongo, nani atakayelipa?

Mabaharia wa Ulaya wa zamani walipima mwendo wa chombo kwa kamba. Walitupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kamba yenye mafundo, wakahesabu mafundo yaliyopita mkononi mpaka mchanga wa chupa umalizike. Hatimaye kanuni ikawa futi 47 na inchi 3 baina ya fundo na fundo, kwa muda wa sekunde 28. Ndiyo sababu mpaka leo Waingereza huita kipimo cha mwendo wa meli kwa jina la fundo.

Mwaka 1732 Mfaransa Henri Pitot alitumbukiza katika mto Seine, mjini Paris, mrija uliopindwa, mdomo wake ukielekea mkondo. Maji yalipanda ndani ya mrija kwa kadiri ya nguvu za mkondo, naye akajua kasi ya mto. Mwaka 1849 Mfaransa mwingine, Eugène Bourdon, alipata hataza ya mrija bapa wa madini uliopindwa kama mundu. Kanieneo ikiingia ndani yake, mrija hutaka kujinyosha, na kwa kujinyosha huvuta mshale. Akili za watu hawa wawili zilikuja kukutana ndani ya mashua: mrija mdogo nyuma ya chombo hupokea msukumo wa maji, na msukumo ule husogeza mshale mbele ya nahodha. Kasi ikizidi mara mbili, msukumo huzidi mara nne.

Mchezo wenyewe ulianza mwaka 1922. Kijana Ralph Samuelson, aliyekuwa hajatimiza miaka 19, alijaribu kusimama juu ya maji ya ziwa Pepin, katika jimbo la Minnesota, Marekani, huku akivutwa na mashua iliyoendeshwa na ndugu yake. Alijaribu mbao za pipa, akazama. Alijaribu mbao za kutelezea thelujini, akazama. Ndipo alipochukua mbao mbili ndefu za futi 8, akazikunja ncha kwa maji ya moto, na tarehe 2 Julai akasimama. Mchezo ulipokua ukapata sheria zake. Katika mashindano ya kuzunguka maboya, njia ni ya mita 259, na mashua ya kuvuta wanaume hufikia kilomita 58 kwa saa. Yaani huimaliza njia ile kwa sekunde 16 na nukta chache. Basi aliye mwisho wa kamba ameweka viungo vyake katika amana ya nahodha, na nahodha ameweka amana hiyo katika geji yake.

Zilipokuja geji za tarakimu watu walizifurahia. Ziling'aa, zilisomeka upesi, na zilionekana kama haziwezi kukosea. Lakini mashua ni makao ya unyevu, jua kali na mtikisiko. Unyevu uliingia nyuma ya vioo, viungo vya nyaya vikashika kutu, tarakimu zikafifia nusunusu, hata 8 ikasomeka 3. Na mara nyingi vipuri vyake havikutengenezwa tena. Mshale uliokwama huonekana umekwama. Tarakimu mbovu yaweza kudanganya kwa uso mkavu.

Fundi mwenye busara haanzi kwa kununua. Kwanza huchunguza nyaya na viungo, maana aghalabu ugonjwa umo humo. Huuzibua mrija wa Pitot, kwani jani moja au chembe za mchanga zikiuziba, geji huonyesha kasi pungufu, na nahodha huongeza mwendo bila kujua. Ikiwa hapana budi geji zibadilishwe, huuliza kila moja inafuata kanuni ipi. Katika kanuni ya Kimarekani, tangi tupu hutoa omu 240 na tangi lililojaa omu 33. Katika kanuni ya Ulaya, tangi tupu hutoa omu 10 na lililojaa omu 180. Ukizichanganya kanuni hizi, tangi litakauka huku geji ikikuahidi mafuta tele. Vilevile geji ya mizunguko iliyowekwa kwa injini ya silinda 4, ikifungwa kwenye injini ya silinda 8, itasoma mizunguko 3000 kuwa 6000. Usisafirie nyota ya mwenzio.

Kazi ikiisha, fundi hapigi makofi. Huenda majini, akaipima njia iliyojulikana urefu wake kwa saa ya mkononi, akalinganisha; kisha hutia kipimajoto kwenye injini, akalinganisha tena. Hapo ndipo huamini.

Nanyi vijana, mtakutana na vipimo vingi maishani: alama za mtihani, sifa za watu, hesabu za biashara. Msikidharau kipimo kwa kuwa ni cha kale, wala msikisujudie kwa kuwa chang'aa. Kiulizeni kimepata wapi habari zake, na kilinganisheni na kingine. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na ngama ya kila kipimo ni ukweli.