Kutambua na kupima msongo wa mawazo wakati wa ugonjwa wa mlipuko



Sisi wa mashariki hatuhitaji kufundishwa ugonjwa wa mlipuko ni nini. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, ikaenea hadi Ituri. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3.470 walikuwa wamehesabiwa kuwa wameugua, na 2.287 kati yao wamekufa. Kabla hiyo haijaisha, COVID-19 iliingia Kinshasa mwezi wa Machi 2020, na milango ya makanisa ikafungwa nchi nzima. Tena tarehe 14 Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitangaza mpox kuwa tatizo la dharura kwa dunia, na Kivu ya Kusini ilikuwa kati ya majimbo yaliyoguswa sana.

Katika magonjwa hayo tulijifunza kunawa mikono, kupimwa joto kwenye vizuizi, na kuhesabu siku za mtu aliyekutana na mgonjwa. Lakini kuna mzigo ambao hakuna aliyetupima: mzigo wa moyo na akili. Makala hii inataka kumsaidia kila mmoja kuutambua mapema na kuupima mwenyewe, kabla haujamwangusha.

Msongo ni nini?

Mtu akiona hatari, mwili wake hutoa kemikali, kama adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga haraka, pumzi hupanda, misuli hukaza. Mwili unajitayarisha kukimbia au kupigana. Hili si baya. Ndilo linalomwezesha mama kumvuta mtoto mbele ya pikipiki kabla hata hajafikiri. Hatari ikipita, mwili hutulia.

Ugonjwa wa mlipuko haupiti kwa dakika tano. Unadumu miezi, hata miaka. Mwili unabaki macho kama mlinzi wa usiku ambaye hakuna anayekuja kumpokea zamu. Mlinzi huyo, hata awe na nguvu namna gani, mwishoni atachoka. Huo uchovu wa kukaa macho muda mrefu ndio tunaouita hapa msongo wa mawazo.

Na kuna jambo linalofanya msongo wa mlipuko uwe mzito zaidi: ugonjwa unatunyang'anya vile vile vitu vinavyotufariji. Katika msiba wa kawaida watu hujaa nyumbani, wanashikana mikono, wanaimba, wanalala kwenye matanga. Wakati wa Ebola, maiti ilizikwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, na jamaa wakasimama mbali. Wakati wa COVID-19, mipaka ilipofungwa, wamama wa Goma waliozoea kuvuka kila asubuhi kwenda Gisenyi kutafuta chakula cha watoto walibaki bila kazi. Ongeza juu yake vita na uvumi wa kwenye simu.

Ishara za kutazama

Jitazame katika sehemu nne.

Mwili: usingizi kupotea au kukatika saa za usiku, kichwa kuuma, mabega na shingo kukaza, tumbo kusumbuka, moyo kupiga bila sababu, hamu ya chakula kupungua au kuzidi.

Akili: kusahau vitu vidogo, kusoma ukurasa mmoja mara tatu bila kushika neno, kurudia wazo moja la hofu usiku kucha, kufuata habari za ugonjwa kila wakati bila kuweza kuacha simu.

Moyo: hasira ya haraka, huzuni isiyoondoka, woga, au kinyume chake, kutosikia kitu chochote hata mbele ya kifo cha mtu wa karibu.

Mwenendo: kupiga watoto kwa kosa dogo, kugombana na mke au mume, kujitenga na watu, kuzidisha pombe, kuacha kuoga au kuacha kazi ya kila siku. Kwa mtumishi wa kanisa kuna ishara nyingine iliyojificha: kufanya kazi bila kupumzika hata siku moja, kwa sababu akikaa kimya mawazo yatamfikia.

Kuwa na ishara moja kwa siku mbili ni jambo la kila mtu. Tazama hasa kile kilichobadilika: mtu mpole amekuwa mkali, mtu wa maneno mengi amenyamaza.

Tahadhari moja kubwa

Ishara za msongo na ishara za ugonjwa zinaweza kufanana. Kichwa, tumbo na uchovu vinaweza kutokana na mawazo, lakini pia na malaria, homa ya matumbo au ugonjwa wenyewe wa mlipuko. Kwa hiyo usijitibu kwa kukisia. Ukiwa na homa, kutapika, kuhara au vipele, usiseme "ni mawazo tu." Nenda kituo cha afya upimwe. Waganga wakishaona kwamba hakuna ugonjwa mwingine, ndipo utaangalia upande wa msongo.

Namna ya kupima

Wataalamu wana vipimo vyao. Kimoja kinachojulikana sana kilitolewa mwaka 1983 na Sheldon Cohen na wenzake huko Marekani. Kile kinachotumiwa zaidi leo kina maswali 10 juu ya mwezi uliopita. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 4, na jumla haizidi 40. Hakitaji jina la ugonjwa. Kinaonyesha tu namna mtu anavyouona mzigo wake.

Sisi nyumbani tunaweza kuanza na njia nyepesi zaidi. Chukua kaye. Kila jioni, kwa siku 7, jibu maswali matatu:

1. Leo mzigo wangu ulikuwa na uzito gani, toka 0 (sikuusikia) hadi 10 (siwezi tena)?
2. Usiku uliopita nililala saa ngapi?
3. Kuna kazi gani ya kawaida ambayo leo nimeshindwa kuifanya kwa sababu ya mawazo?

Swali la tatu ndilo lenye maana kuliko yote. Mtu anaweza kuandika 6 na bado akapika, akafundisha, akacheka na watoto. Mwingine anaandika 4, lakini ni siku ya tano hajatoka kitandani. Huyu wa pili ndiye anayehitaji msaada haraka.

Siku ya 7, soma yote pamoja. Kama uzito unapanda na kushuka, na kazi zinaendelea, jitunze: punguza habari za ugonjwa ziwe mara moja kwa siku, toka chanzo cha kuaminika, lala na kuamka saa ile ile, tembea, vuta pumzi polepole, ongea na mtu mmoja unayemwamini. Kama uzito unabaki juu wiki mbili, au kazi za kawaida zimekushinda, muone muuguzi au mtaalamu wa afya ya akili. Na kama mtu anasema heri afe, au anafikiri kujidhuru au kudhuru wengine, usingoje siku 7. Usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya siku ile ile.

Je, ni upungufu wa imani?

Swali hili linawafungia wengi mdomo kanisani. Tumtazame Eliya katika 1 Wafalme 19. Alikuwa ametoka kuona moto wa Mungu ukishuka, lakini baada ya kutishwa alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale. Malaika akamletea mkate na maji. Akala, akalala tena, akala tena. Safari ya Horebu ilifuata baadaye, na baadaye tena akapewa Elisha awe pamoja naye. Usingizi, chakula, mwenzi: Mungu mwenyewe alianza na hivyo. Basi anayemwambia mtu aliyechoka "ongeza maombi tu" anamnyima kile ambacho malaika alimletea nabii.

Kwa wazee wa kanisa

Wanaobeba wengine ndio wa mwisho kuulizwa habari zao: pasta, shemasi, mama anayetembelea wagonjwa, kijana anayejitolea kwenye kituo cha kunawia mikono. Tunashauri kwamba wakati wa mlipuko watumishi wapangwe wawili wawili, na kila wiki kila mmoja amuulize mwenzake yale maswali matatu, amsikilize bila kuhubiri, na kile alichosikia kibaki siri kati yao, isipokuwa pale maisha yako hatarini. Anayeonekana kuelemewa apumzishwe zamu yake, na mwingine aipokee. Haigharimu hata franka moja, na inaweza kuanza wiki hii.