Daniel Boone

Daniel Boone (1734–1820) alikuwa mwindaji na mlowezi wa Marekani, mzaliwa wa Pennsylvania katika familia ya Wakwekeri. Mwaka 1756 alimwoa Rebecca Bryan, wakajaliwa watoto 10. Boone alipotokomea porini kwa miezi mingi, Rebecca ndiye aliyeibeba nyumba, jambo ambalo masimulizi ya ushujaa hulipita haraka. Mwaka 1775 Boone aliongoza wafyeka njia kupitia Cumberland Gap hadi Kentucky, nchi ya mawindo ya Washawnee na Wacherokee, akaanzisha Boonesborough. Vita vya kugombea ardhi viliwaua wanawe wawili: James (1773) na Israel (1782). Binti yake Jemima alitekwa Julai 1776, akiwa mtumbwini na wenzake wawili katika Mto Kentucky. Wasichana hao walivunja matawi njiani ili kuacha alama. Boone na wenzake wakawafuatilia, wakawaokoa. Alihamia Missouri mwaka 1799, akafia huko.