Fahamu: Wataalamu wanajuaje umri wa watu wa mwaka 2040?

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania. Lakini kwa anayepanga madarasa, chanjo au pensheni, jumla hiyo haitoshi. Yeye anataka kujua watoto wa miaka 7 watakuwa wangapi 2040, na wazee je?

Hesabu inayotumika sana ilielezwa mwaka 1945 na mtafiti wa Oxford, Patrick Leslie, ambaye mfano wake, amini usiamini, ulikuwa wa panya. Unagawa watu kwa makundi ya umri. Kila kundi unalipa namba mbili: linazaa kiasi gani, na wangapi watabaki hai kufika kundi linalofuata. Unazidisha, unapata picha ya mbele, unarudia tena. Namba hizo zisipobadilika, mgawanyo wa umri mwishowe hutulia, hata ungeanza na vijana watupu.

Shida ni kwamba maisha hayatulii. Kuna ukame, kuna UVIKO-19, kuna vita. Njaa ya China ya 1959 hadi 1961 ilipunguza sana vizazi, na pengo hilo limekuwa likipanda ngazi za umri mwaka hadi mwaka, kwanza shuleni, kisha kazini, sasa kwa wastaafu.

Kwa hiyo wanahisabati wakaingiza bahati ndani ya hesabu: kila mwaka unachota namba zake kama mtu anayerusha dadu. Hapo mgawanyo wa umri hautulii tena, unayumba. Ila jamii mbili, moja ya vijana na nyingine ya wazee, zikipita kwenye miaka ileile mizuri na mibaya, polepole hufanana kwa umri. Yaani zinasahau zilikoanzia.

Bahati ina mtego wake pia. Chukua mbuzi 100. Mwaka mzuri wanaongezeka kwa nusu, wanafika 150. Mwaka mbaya wanabaki asilimia 60 tu, yaani 90. Ukipiga wastani wa mabadiliko hayo unapata ongezeko la asilimia 5 kwa mwaka, safi kabisa. Lakini kundi limepungua! Na miaka ikiendelea kupokezana hivyo, litakwisha. Ndiyo maana anayekupa wastani peke yake anaweza kukupoteza.

Umoja wa Mataifa siku hizi hautoi namba moja tu. Kompyuta hutengeneza maelfu ya njia ambazo mambo yanaweza kwenda, kisha inatajwa nafasi ya kila tokeo. Makadirio ya 2024 yanasema kuna nafasi ya asilimia 80 kwamba idadi ya watu duniani itafika kileleni ndani ya karne hii.

Tukirudi 2040: ukiacha wanaohama na kuhamia, kila atakayekuwa na miaka 20 au zaidi alishazaliwa kabla ya sensa ya 2022. Kwa hao, swali ni wangapi watakuwa hai. Mtoto wa miaka 7 wa mwaka huo atazaliwa karibu na 2033, na baadhi ya mama zake leo bado wako shuleni. Makadirio ya madarasa ndiyo yenye shaka kubwa zaidi.