Vijana wa Bukavu na Dawa ya Kila Siku

Mwaka 1959 waganga walichukua damu ya mtu mmoja mjini Léopoldville, ndio Kinshasa ya leo, wakaiweka akiba. Miaka mingi baadaye wataalamu waliipima, wakakuta ndani yake kidudu cha ukimwi, ambao sisi wa Kongo twauita sida. Lakini ugonjwa wenyewe ulitambulikana mwaka 1981 tu, huko Marekani, na kidudu chake mwaka 1983, huko Paris. Maana yake, maradhi haya yalikaa na watu zaidi ya miaka 20 kabla ya kupewa jina. Basi, nani atathubutu kumwambia mgonjwa kwamba amelaaniwa?

Dawa zenye nguvu, za aina tatu kwa pamoja, zilipatikana mwaka 1996. Hapa Bukavu wagonjwa walianza kuzipata mwaka 2003 kwa mkono wa Médecins Sans Frontières. Mwaka uliofuata vita vikaingia mjini: mwanzoni mwa Juni 2004 askari wa Nkunda na Mutebutsi waliushika mji. Hata hivyo wagonjwa wengi hawakuacha dawa, kwa kuwa mpango wa siku za hatari ulikuwa umewekwa mapema.

Lakini liko jambo linalowashinda vijana wanaume kuliko risasi, nalo ni haya. Mwanamke mwenye mimba hupimwa kliniki. Mwanamume humwendea mganga akiisha kulemewa. Kijana aogopa kuchekwa na wenzake wa kwaya. Aogopa kwamba hataoa kamwe. Mwingine huacha vidonge, akisema sala yatosha.

Kijana huyo ajue mambo matatu. Kwanza, sheria ya Kongo ya tarehe 14 Julai 2008 yakataza kumbagua mwenye sida. Pili, tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lashauri kila aliyeonekana na kidudu aanze dawa mara moja, asingoje kudhoofika. Tatu, utafiti umehakikisha kwamba anayemeza dawa vema, hata kidudu kisionekane tena katika kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzi wake. Kwa hiyo aweza kuoa na kuzaa. Ila amweleze mchumba wake ukweli kabla ya ndoa. Ama kuhusu sala, asome Yoshua bin Sira, sura ya 38: hapo sala na mganga vyakaa pamoja, wala havigombani.

Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu, na fundisho la mwaka 2004 likarudi: mgonjwa awe na akiba ya vidonge, aitunze karata yake ya hospitali, ajue na mahali pa pili pa kupata dawa. Nasi wa parokia tufanye letu. Kijana akituambia siri yake, tuifunge moyoni. Na siku ya dawa tumwulize kwa upole kama ameimeza.