Nguruwe Watoa Ushahidi

Mwashi ajengaye ukuta hawezi kuliweka jiwe la juu kabla ya lile la chini. Kwa kanuni nyepesi kama hiyo, ewe msomaji, wanajiolojia huweza kujua ni mwamba upi uliotangulia. Mchanga na matope yaletwayo na mito hutanda ziwani, tabaka juu ya tabaka, hata yakawa mawe. Ikiwa ardhi haikupinduliwa, tabaka la chini ndilo la kale zaidi. Niels Stensen wa Denmark aliiandika kanuni hiyo mwaka 1669. Baadaye William Smith, mpima ardhi wa Uingereza aliyechapisha ramani yake ya miamba mwaka 1815, alionyesha kwamba kila tabaka lina masalio yake ya viumbe, na kwa masalio hayo matabaka ya mahali mbalimbali yaweza kulinganishwa.

Hapa Kenya kanuni hizo mbili ziliamua shauri kubwa. Mwaka 1972, huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, ambalo siku hizo liliitwa Rudolf, Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu la kale. Vilitoka katika matabaka yaliyo chini ya jivu la volkano. Kwa hiyo fuvu lilitangulia jivu. Je, jivu lenyewe lilikuwa na umri gani? Vipimo vya maabara vilisema miaka milioni 2.61. Basi Richard Leakey alilikadiria fuvu kuwa na miaka karibu milioni 2.9. Kama ndivyo, ukoo wa binadamu wenye ubongo mkubwa ulikuwa wa kale kuliko wataalamu walivyodhani.

Ndipo nguruwe walipoitwa kutoa ushahidi. Kaskazini ya ziwa hilo, katika bonde la mto Omo nchini Ethiopia, matabaka yamepangana vizuri. Basil Cooke alionyesha kuwa magego ya nyuma ya nguruwe fulani waliokwisha kutoweka yalizidi kurefuka kutoka matabaka ya chini hadi ya juu. Meno yaliyopatikana chini ya jivu la Koobi Fora yalifanana na yale ya Omo yenye miaka karibu milioni 2 tu. Wataalamu walibishana miaka mingi, hata mwaka 1980 vipimo vipya vikaonyesha kuwa jivu lina miaka karibu milioni 1.9. Nguruwe walikuwa wamesema kweli.

Nawe upitapo penye barabara iliyokatwa kilimani, simama uutazame ukingo wake. Anza kuusoma kutoka chini.