Wenye Meza za York

Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Aprili na mwezi wa Oktoba, katika uwanja wa maonyesho wa mji wa York, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, hukusanyika umati wa watu, aghalabu wenye mvi, kuuziana magari ya moshi yawezayo kubebwa kwapani. Kumbini meza hupangwa safu kwa safu, na juu yake huwekwa injini na mabehewa ya bati, reli zilizoanza kushika kutu, na maboksi ya karatasi ngumu yaliyochakaa ambayo, kwa mastaajabu ya mgeni, wakati mwingine hugombewa kuliko kilichokuwamo ndani.

Tijara hii ina nasaba ya kuchekesha. Yasimuliwa kwamba Joshua Lionel Cowen, alipoanzisha kampuni yake New York mwaka 1900, hakukusudia kuwatengenezea watoto mchezo. Alitengeneza kigari cha wazi, kiendeshwacho kwa betri, kizunguke dirishani mwa duka huku kimebeba bidhaa nyingine na kuwavuta wapita njia. Na wapita njia wakavutwa kweli, ila walichotaka kununua kikawa kigari chenyewe. Basi treni ya Lionel ilianza maisha kama mpiga debe, kisha ikawa mali ipigiwayo debe. Ujerumani walikuwa wamekwisha kuiona siri nyingine iliyo kubwa zaidi: katika maonyesho ya Leipzig ya mwaka 1891, kampuni ya Märklin ya Göppingen ilileta reli za vipimo maalumu zilizoweza kuunganishwa na kuongezwa, hata aliyenunua injini leo akawa hana budi kurudi kesho kwa ajili ya reli, na kesho kutwa kwa ajili ya stesheni. Sijui bidhaa nyingine ya dukani iliyobuniwa kwa werevu huo wa kutokwisha.

Kwa miaka hamsini hivi mwuzaji alikuwa mwenye duka, na msimu wake ulikuwa Krismasi. Kisha watoto wakageukia mambo mengine, na mwaka 1969 jina la Lionel likakodishwa kwa General Mills, kampuni iliyojulikana kwa unga na vyakula vya asubuhi. Lakini kabla ya mauzo hayo kudidimia kabisa, mwaka 1954, watu wazima waliokuwa wakitafuta treni za utoto wao walikutana Yardley, katika jimbo lilo hilo la Pennsylvania, wakaunda chama cha wakusanyaji, Train Collectors Association, na kutoka katika desturi za watu wa namna hiyo ndipo alipozaliwa mwuzaji wa aina ya pili, ambaye ndiye hasa ninayemkusudia hapa.

Mtu huyu hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa na injini mbili zilizofanana na hana behewa fulani; akaitandaza ile ya ziada juu ya meza ili alipate lile alilolikosa. Baada ya miaka kadhaa akajikuta ananunua asivyovihitaji kwa kuwa anamjua anayevihitaji, na meza moja ikawa mbili, na mke wake akawa mtunza fedha. Rasilmali yake kubwa haikuwa bati bali maarifa, na maarifa hayo hayakuandikwa popote kwa ukamilifu, ingawa chama kiliweka daraja za hali ya kitu, kutoka kile kilicho hoi hadi kile ambacho hakijapata kuguswa.

Nitatoa mfano mmoja, nao unatosha. Mwaka 1957 Lionel ilitoa treni kwa ajili ya wasichana: injini ya rangi ya waridi, na mabehewa ya rangi za kupoa kama peremende. Haikuuzika, kwani wasichana, kama mtu yeyote mwenye akili angaliweza kuwaambia wakuu wa kampuni, walitaka treni kama za kaka zao. Yasemekana wako wenye maduka waliozipaka rangi nyeusi ili waziondoe ghalani. Zilizosalia zikawa adimu, na kwa kuwa adimu zikawa ghali, na kwa kuwa ghali, na maadam injini ile ni sawasawa kwa umbo na nyeusi ya kawaida ya kampuni iyo hiyo, wakazuka wajanja wa kuzipaka nyeusi rangi ya waridi. Hapo ndipo mnunuzi alipomhitaji mzee wa meza, ambaye huigeuza injini kama sonara ageuzavyo pete, akachungulia chini ya mabati mahali ambapo rangi ya kiwandani hufika na ya mjanja haifiki, kisha akairudisha taratibu bila kusema neno. Kimya chake kilikuwa hukumu. Wala nisiwafanye mawalii: wako miongoni mwao waliokaa kimya pia pale ambapo kusema kungaliwapunguzia faida.

Pigo lao lilikuja kwa njia mbili. Mwaka 1995 ulianzishwa mnada wa intaneti wa eBay, na bei, ambayo hapo awali ilikuwa siri ya kifuani, ikawa wazi kwa kila mwenye kompyuta. Behewa lililodhaniwa kuwa moja katika wilaya nzima likaonekana liko ishirini. Ama watengenezaji nao, walipohamishia kazi China, aghalabu wakashika desturi ya kutengeneza kadiri ya maagizo tu, hata mwenye duka dogo akalazimika kuagiza kwa kufuata picha miezi mingi kabla hajaishika bidhaa mkononi.

Njia ya tatu si pigo bali ajali ya kila mwanadamu. Wenye meza wamezeeka pamoja na wateja wao, na mirathi huja sokoni yote kwa pamoja, huku warithi wakitaka nafasi ya nyumba kuliko injini. Meza iliyoachwa huchukuliwa na kijana mwenye vipuri vilivyochapwa kwa mashine ya plastiki, au fundi auzaye vidude vya kuiamuru injini kwa simu, watu hodari, ambao ukiwauliza juu ya waridi la mwaka 1957 watakutafutia jibu kwenye simu iyo hiyo, na mara nyingi watalipata.

Lakini ukiligeuza boksi moja kuukuu juu ya meza yake huyo kijana, huenda ukakuta ubavuni bei ya kwanza, muhuri wa duka ambalo halipo tena. Chini yake bei ya pili, kwa penseli, mwandiko wa mtu mzima. Na juu ya zote mbili kibandiko cheupe, kimekaa upande, ambacho gundi yake haijakauka.