Siku wahudumu wa afya 25,000 walipofutwa kazi

Machi 8 ni Siku ya Wanawake Duniani. Kwa muuguzi wa Kenya aliyekuwa kazini mwaka 2012, tarehe hiyo ina uchungu wake. Ndiyo siku Msemaji wa Serikali wa wakati huo, Alfred Mutua, alipotangaza kwamba wahudumu wa afya 25,000 waliokuwa wamegoma wamepigwa kalamu. Wengi wao walikuwa wauguzi, na uuguzi nchini ni kazi inayobebwa zaidi na wanawake.

Kujipanga kwa wauguzi hakukuanza hapo. Chama chao cha kitaaluma kiliundwa mwaka 1968, kikashughulikia zaidi viwango vya kazi na heshima ya taaluma. Suala la mshahara lilihitaji chombo kingine. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, ikampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma.

Mgomo wa Machi 2012 ulihusu mishahara, marupurupu yaliyoahidiwa bila kulipwa, na mazingira duni ya kazi. Amri ya kurudi kazini ilipotolewa, wagomaji hawakutikisika. Serikali ikajibu kwa taarifa moja kali: mgomo ni haramu, unakiuka maadili ya kazi, na walioshiriki wameondolewa kwenye orodha ya mishahara. Kisha ikawaita wahudumu wasio na ajira, pamoja na waliostaafu, waende kituo cha afya kilicho karibu nao wakasailiwe.

Hebu tulitazame agizo hilo vizuri. Mama aliyestaafu akiwa na miaka 60, magoti yakimuuma, aitwe arudi zamu ya usiku kwenye wodi ya wazazi. Kijana aliyemaliza chuo na kukaa nyumbani bila kazi, aambiwe kwamba nafasi yake imepatikana leo, kwa sababu dada aliyemfundisha kudunga sindano amefukuzwa. Huko ni kuwagonganisha watu wa kazi moja, na mimi sijaona namna ya kulitetea agizo hilo.

Kalamu haikuwa na nguvu ya kujaza wodi. Kabla ya Machi kwisha, mazungumzo yalifanyika, amri ya kuwafuta kazi ikaondolewa, na waliofutwa wakarejea kazini. Serikali ilikuwa imegundua kile ambacho kila mgonjwa wa kulazwa anakijua: daktari hupita asubuhi, lakini anayekesha nawe ni muuguzi.

Hata hivyo, wagomaji waliporudi walikuta wagonjwa wenye hasira. Taarifa ya serikali ilisomwa redioni ikafika hadi kijijini. Wauguzi nao walikuwa na msemaji, lakini hoja zao zilimfikia mwananchi zikiwa vipande vipande, mara nyingi baada ya mgonjwa wake kurudishwa langoni. Kwa maoni yangu, hilo ndilo pengo ambalo vyama vya wauguzi havijaliziba hadi leo.

Chombo cha kudai mishahara nacho kikaja: Chama cha Kitaifa cha Wauguzi, KNUN, chini ya Katibu Mkuu Seth Panyako. Mwaka 2013 ugatuzi ukapeleka huduma nyingi za afya kwenye kaunti 47, na mwajiri mmoja akawa 47. Mwanachama aliyecheleweshewa mshahara au aliyenyimwa kupandishwa cheo sasa alihitaji mtu wa kumtetea katika kaunti yake, na mzigo huo ukaangukia viongozi wa matawi.

Mwaka 2017 wauguzi waligoma kuanzia Juni 5 hadi Novemba 2, takriban siku 150, wakidai mkataba wao wa pamoja utiwe saini. Uchaguzi mkuu wa Agosti ukapita, na wa marudio wa Oktoba ukapita, wao wakiwa bado nje. Kaunti kadhaa zilisimamisha mishahara. Hospitali za misheni zilifurika. Asiye na pesa za hospitali ya kibinafsi alibaki kumlaumu aliyemwona amevaa sare.

Wakati wa korona waligoma tena, kuanzia Desemba 2020, wakidai vifaa vya kujikinga na bima. Safari hiyo hatari waliyoisema kila mtu aliiona kwa macho.

Sheria inataka chama kitoe ilani ya siku saba kabla ya mgomo. Nawaomba wakuu wa KNUN, na viongozi wa matawi hasa, siku hizo saba zisiishie katika ofisi ya gavana na vyumba vya mawakili. Nendeni kwenye redio za lugha za wenyeji, barazani kwa chifu, msikitini na kanisani. Mama mjamzito anayesubiri kliniki aambiwe na muuguzi wake mwenyewe kwa nini atafunga mlango, na aelekezwe mahali atakapopata huduma mlango huo ukifungwa.